Kiegemeo cha Kerezo si Chuma cha Kuokota

Habari ya kerezo linalotakiwa kununuliwa hapa Kasansa imekwisha kufika kila nyumba, na kila mwenye ulimi amesema neno lake. Wazee wa kanisa wamesema, wazazi wamesema, vijana wamesema, hata wapita njia waliokuja kununua mpunga wamesema. Sasa twaomba na sisi walimu tuseme. Maneno yetu hayatakuwa matamu, kwa kuwa twaliona jambo hili likipelekwa pabaya na watu wema, na watu wema wakikosea ni vigumu kuwarudisha kuliko waovu, maana hawajishuku.

Jambo ni hili. Watu wamechanga fedha ili vijana waliomaliza shule wapate chombo cha kukerezea miti, wafanye matendegu ya vitanda, miguu ya meza na ya viti, michi ya vinu vidogo, na miti ya kusukumia chapati, vitu ambavyo leo twavinunua Mpanda mjini, vikapita Sitalike na katikati ya hifadhi ya Katavi juu ya lori, vikafika huku Mpimbwe vimekwaruzika na bei yake imepanda. Nia ni njema kabisa. Walakini katika mkutano wa mwisho ilikubaliwa, karibu kwa sauti moja, ya kwamba fedha karibu yote iende katika mota kubwa yenye nguvu ya farasi watatu, na habari ya kiegemeo, "tutaokota chuma chochote tukichomelee." Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na watu wakacheka, wakapiga makofi. Sisi hatukucheka.

Yamkini wako wasomaji ambao hawajaona kerezo likifanya kazi. Mti hushikwa kati ya ncha mbili, ukazungushwa, na fundi akausogezea patasi; patasi hula kila palipotokeza mpaka mti ukawa mviringo. Lakini patasi haishikwi hewani. Mbele ya mti pana chuma kilicholala sambamba nao, na juu ya chuma hicho fundi hulaza patasi yake. Hicho ndicho tukiitacho kiegemeo. Kilicho kamili kina sehemu tatu: mgongo, ambao patasi hulala na kutembea juu yake, mguu, ambao hupandishwa na kushushwa, na kitako, ambacho hutelezeshwa juu ya kitanda cha kerezo, kikasogezwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, kisha kikakazwa. Mtu akitazama kwa haraka huona mota, huona mkanda, huona mti uzungukao na vinyweleo vya mbao virukavyo, na kiegemeo hakioni kabisa. Ndiyo maana katika mkutano wetu mota ilipata wasemaji kumi na kiegemeo hakikupata hata mmoja.

Miaka michache iliyopita tulikwenda, mwalimu mwenzetu na sisi, katika karakana moja ya mbali ambayo hatutaitaja, kuagiza miguu ya madawati. Mwenye karakana alikuwa fundi wa sifa, na kerezo lake lilikuwa na mota nzuri mno. Kiegemeo chake kilikuwa kipande cha chuma cha pembe, kirefu toka mwanzo wa kitanda hata mwisho wake, kimechomelewa mahali pamoja. Hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, hakipandi wala hakishuki. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa akisugua mguu uliokwisha kukerezwa, ameukunja msasa vidoleni. Kila fundi aliyefundishwa vema ajua ya kwamba wakati wa kusugua kwa msasa kiegemeo huondolewa kabisa, ili vidole visipate mahali pa kubanwa. Lakini kile cha karakana ile kingeondolewaje? Kimechomelewa. Msasa ukashika, ukavuta kidole, kidole kikaingia kati ya mti na chuma. Tulisimama hatua tatu kutoka pale. Kijana yule hana sasa vidole viwili vya mkono wa kuume toka fundo la kati.

Mwenye karakana alisema, "Uzembe wake. Nimemwambia mara nyingi aangalie." Na watu wote waliokuwapo wakaitikia ya kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Twakiri kwamba na sisi siku ile tulinyamaza. Tulikuwa wageni, tena tulikuwa tumekwisha kulipa nusu ya fedha. Sasa hatutanyamaza tena, maana kijana yule alisikia kila alichoambiwa. Aliambiwa aangalie, akaangalia. Asichopewa ni chuma kinachoondoka.

Basi na tuwajibu wale waliopiga makofi, hoja kwa hoja.

Wasema kwanza: "Fundi ni mkono, si chombo." Neno hili hupendwa sana na watu wasiotumia chombo. Tuwaulize hivi: mkono wa fundi unafanya nini juu ya kerezo? Mota nyingi ziuzwazo kwetu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Chukua mti wa pembe nne wenye upana wa sentimeta 10, kama utumiwavyo kwa tendegu nene. Toka pembe hata pembe ni sentimeta 14 na kidogo. Ukizungushwa kwa mwendo huo, ile pembe yapita mbele ya patasi kwa mwendo wa karibu kilometa 39 kwa saa, tena si pembe moja, ni nne, zapiga patasi mara 5,800 katika dakika moja. Hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kusimama mbele ya mapigo hayo. Mkono hauzuii mapigo. Kazi yake ni kuongoza. Kiegemeo ndicho kizuiacho. Mkono wa fundi bora kabisa, ukiegemea chuma kinachotetemeka, ni mkono unaotetemeka.

Na hesabu yake si ngumu; vijana wa darasa la sita huifanya katika somo la wenzo. Patasi juu ya kiegemeo ni wenzo tu, na kiegemeo ni egemeo lake. Upande mmoja pana mkono, tuseme sentimeta 40 nyuma ya kiegemeo. Upande wa pili pana makali, mbele ya kiegemeo. Kama makali yametokeza nusu sentimeta tu, mkono una nguvu mara 80 kuliko mti. Kama yametokeza sentimeta 3 na nusu, mkono una nguvu mara 11 tu. Mti ukiyashika makali kwa ghafula kwa uzito wa kilo 100, katika hali ya kwanza mkono utasikia kilo moja na robo, jambo la mtoto. Katika hali ya pili utasikia karibu kilo tisa, zimekuja kwa kufumba na kufumbua, na mpini utaruka juu ukakupige kidevu. Ni fundi yule yule, na patasi ile ile. Kilichobadilika ni nafasi ya sentimeta tatu.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hawalifikiri. Ile nafasi haikai kama ulivyoiacha. Mti wa pembe nne tuliousema una sentimeta 7 toka katikati hata pembe. Ukikerezwa ukawa tendegu la mviringo la upana wa sentimeta 8, zimebaki sentimeta 4. Zile 3 zimekwenda chini kuwa vinyweleo, na mahali pake pamekuwa wazi. Kwa hiyo kiegemeo kilichowekwa vema mwanzo wa kazi ni kibaya mwisho wa kazi, kwa sababu mti umekikimbia. Fundi apaswa kuzima, kukifuata mti, kukaza, na kuwasha tena, labda mara tatu au nne kwa tendegu moja. Kiegemeo kilichochomelewa hakiwezi kufuata. Kila kazi huianza katika usalama na kuimaliza katika hatari, na mwisho wa kazi ndio wakati fundi amechoka na mti umekuwa mwembamba.

Hapo ndipo twafika kwenye neno tulionalo kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni habari ya uvivu. Msituelewe vibaya, hatuwalaumu vijana, twasema habari ya watu wote pamoja na sisi wenyewe. Kitu kigumu kusogezwa hakisogezwi. Kama kila mara kijana hana budi kuinama chini ya kitanda cha kerezo, atafute spana iliyokuwa hapa sasa hivi, alegeze nati mbili zenye kutu, asogeze, akaze tena, basi atafanya hivyo siku ya kwanza mbele ya mwalimu. Siku ya tatu atafanya mara moja kwa kila tendegu. Mwisho wa mwezi atakuwa akikisogeza asubuhi na kukiacha mpaka jioni. Na siku moja mbaya atajaribu kukisogeza mti ukiwa unazunguka, ili asipoteze wakati. Kwa hiyo chagueni kiegemeo ambacho kitako chake hukazwa kwa mpini mmoja wa kuzungusha kwa mkono, juu, mbele ya fundi, usiohitaji spana. Ukiusukuma huku kinalegea, ukiuvuta huku kinakaza. Kwa macho ni mpini mdogo, lakini sisi twauhesabu kuwa na thamani kuliko farasi wawili wa ile mota, kwa kuwa humfanya mvivu atende sawasawa na mwenye bidii.

Wasema pili: "Wazee wa pwani walikereza vitanda vya ajabu bila viegemeo vya dukani." Hoja hii twaiheshimu, maana ni kweli nusu yake. Ufundi wa kukereza ni wa zamani mno. Katika kaburi la kuhani Petosiris huko Misri, lililojengwa karibu miaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya watu wawili kazini, mmoja akiuzungusha mti kwa kamba, mwingine ameshika chombo. Na katika pwani yetu, Lamu na Unguja, kama vile Uarabuni na Bara Hindi, wakereza walifanya matendegu ya kupendeza kwa kerezo la upinde. Mkereza aliketi chini, mkono mmoja ukienda na kurudi na upinde, mkono wa pili umeshika patasi, na vidole vya mguu vikiisukuma patasi na kuituliza juu ya mti ulalao mbele yake.

Haya, ule mti ulalao mbele yake ulikuwa nini? Ni kiegemeo! Tena ulilazwa karibu kabisa na kazi, na mguu wa fundi mwenyewe ukiutuliza muda wote. Wazee wale hawakukidharau kiegemeo; walikikalia na kukikanyaga. Na kerezo la upinde huenda mbele na kurudi nyuma, hukata likienda na hupumzika likirudi, na mkono ukisimama mti nao husimama papo hapo. Lilikuwa na huruma. Mota haina huruma, wala haijui kwamba kidole si mti. Aliyewataja wazee wa pwani ili kutetea chuma cha kuokota amewasingizia.

Wako pia waliosema kwamba katika karakana za vyuma mafundi hawahangaiki na mambo haya. Ni kweli, na sababu yake ni nzuri kuijua. Katika kerezo la vyuma chombo hakishikwi na mkono. Hufungwa kwa skrubu katika kiegemeo kinachotembea chenyewe juu ya reli. Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771, alikikamilisha kiegemeo cha namna hiyo mnamo mwaka 1800, na watu huhesabu jambo hilo kuwa miongoni mwa misingi ya viwanda vyote vya mashine. Tazameni: badiliko lile kubwa halikuwa katika nguvu ya kuzungusha. Lilikuwa katika mahali pa kuegemeza chombo. Kama kijana wa London miaka zaidi ya 200 iliyopita aliona kwamba hapo ndipo penye siri ya kazi, sisi wa Kasansa twashindwa nini kuona?

Wasema tatu: "Ni ghali." Hapa tutakaa kidogo, kwa maana fedha ni ya watu, na wengine wameuza debe la mpunga ili watoe mchango wao.

Mota ya nguvu ya farasi watatu ni ya nini? Kwa matendegu, miguu ya viti na michi, nguvu ya farasi mmoja, yaani wati 746, yatosha na kubaki. Mwenye mota ya farasi watatu hulipa mara ya kwanza dukani, kisha hulipa tena kila mwezi kwa umeme, au kwa mafuta kama anaendesha jenereta. Tena nguvu ile ya ziada haimsaidii mwanafunzi, humdhuru. Mota ndogo patasi ikikwama, mkanda huteleza, mti husimama, kijana hushtuka na kujifunza. Mota kubwa patasi ikikwama haisimami. Itavunja mti, au itapinda patasi, au itakwenda na mkono. Sisi twasema wazi: kununua mota ya farasi watatu na kuiwekea kiegemeo cha nondo ni kumnunulia kijana fahali na kumfunga kwa ukambaa wa mgomba. Nunueni mota ya farasi mmoja, tena iwekewe magurudumu ya mkanda ya ukubwa mbalimbali, ili mti mnene uzungushwe polepole na mwembamba kwa haraka. Na tofauti ya bei iende katika kitako, mguu, na migongo miwili au mitatu ya kiegemeo. Fedha ni ile ile. Hatuombi mtu atoe hata senti zaidi.

Wala si lazima kitoke ng'ambo. Mafundi wa vyuma wa Mpanda, wenye mashine za kukereza chuma na za kuchomelea, waweza kukifanya kama wakipewa mchoro na vipimo. Lakini wasipopewa vipimo watafanya watakavyoona, na watakavyoona ni chuma kilichobaki katika kazi ya madirisha. Kwa hiyo mtuvumilie tutaje vipimo, ingawa twajua kwamba wasomaji wengine watafunua ukurasa.

Mguu uwe chuma cha duara kigumu, si bomba, wenye unene wa milimeta 25. Mtu alisema mkutanoni kwamba nondo ya milimeta 16 "karibu ni sawa." Si sawa hata kidogo. Ugumu wa chuma cha duara dhidi ya kupindwa haupandi kama unene upandavyo. Hupanda kwa unene uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Fanyeni hesabu: chuma cha milimeta 25 ni kigumu karibu mara sita kuliko cha milimeta 16. Nondo ile ni nyuzi ya zeze. Patasi ikiigusa itaimba, na mti utatoka na mawimbi kama mchanga wa ufukweni. Tundu la mguu katika kitako liwe sawa na mguu, lisiwe pana, na skrubu ya kuukaza iwe na mpini wake.

Mgongo usiwe mrefu kwa tamaa. Wengi hudhani kiegemeo kirefu ni bora kwa kuwa hakihitaji kuhamishwa upande. Lakini mgongo ulio juu ya mguu mmoja, kila unavyozidi kutoka nje ya mguu huo ndivyo unavyozidi kuinama, na si kwa kadiri ya urefu tu: ukiuzidisha urefu mara mbili, utainama mara nane. Sentimeta 30 juu ya mguu mmoja ni mwisho. Kwa matendegu ya sentimeta 60, tumia mgongo mrefu wenye miguu miwili na vitako viwili. Au, kama fedha haitoshi, ule wa sentimeta 30 na uhamishwe. Kuhamisha si dhambi. Pawe na mwingine mfupi wa sentimeta 15 kwa kazi ndogo na kwa nje ya mabakuli. Wa kupinda, uingiao ndani ya bakuli ili makali yasitokeze mbali, waweza kungoja mpaka vijana wamejua kazi. Mabakuli hayataanza mwaka huu.

Sehemu ya juu ya mgongo, pale patasi inapotembea, ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo mafundi wetu hupaharibu zaidi. Patasi za siku hizi ni za chuma kigumu sana. Mgongo wa chuma laini hupata makovu kila patasi inapoanguka juu yake. Na kovu dogo, ambalo jicho halilioni, mkono hulisikia: patasi inakwenda vizuri, inafika penye kovu, inasita, kisha inaruka. Alama ile ile hutokea katika mti. Kijana hudhani amekosea yeye, akarudia, akakosea tena pale pale, mwisho akaona hana kipaji. Tumewaona wawili walioacha kazi kwa sababu ya kovu katika chuma! Dawa ni mbili. Ya kwanza, tupa laini: kila Jumamosi mgongo upigwe tupa toka mwanzo hata mwisho, kisha msasa, kisha upakwe nta ya mshumaa, hata ukipitisha ukucha usisikie kitu. Ya pili, kwa mwenye uwezo, ni kuweka juu ya mgongo ufito wa chuma kigumu kisichoshika kovu. Ufito wa shokapu iliyokufa hufaa sana, lakini usichomelewe kabla ya kuondolewa ile ngozi yake ing'aayo, kwa maana moshi wake ukichomwa ni sumu.

Ukingo wa mgongo utazamao mti uwe umekatwa mshazari, usiwe bapa nene. Bapa nene huzuia patasi isikaribie hata kama kiegemeo kimesogezwa. Hilo ndilo kosa la chuma cha pembe. Hata kikisogea, hakikaribii.

Na kimo? Hapa mafundi hubishana mpaka chai ikapoa, nasi hatutawaamulia yote. Kwa matendegu, mgongo uwe chini kidogo ya kimo cha zile ncha mbili, kwa kadiri ya unene wa patasi, ili makali yaguse mti sawa na ncha au juu yake kidogo. Kwa kukwangua ndani ya bakuli, kipandishwe kidogo na mpini wa patasi uinuliwe, ili mti ukiyashika makali uyasukume penye hewa, si ndani ya mbao. Kwa kuwa vimo vyatofautiana, na kwa kuwa kijana mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi, kiegemeo kisichopanda na kushuka ni kiatu cha namba moja kwa darasa zima.

Kabla ya kuwasha, mti uzungushwe kwa mkono mara moja kamili, kuona kwamba hakuna pembe igusayo chuma. Nafasi kati ya pembe na kiegemeo isizidi unene wa penseli. Hatua hii haina gharama yo yote, na hakuna kerezo lililo zuri kiasi cha kuweza kuiacha.

Twasikia tayari jibu la ndugu mmoja, maana alitwambia njiani: "Walimu, mwafanya chuma kuwa jambo kubwa kama Injili." La, ndugu. Twalifanya kuwa kubwa kama vidole. Vijana kumi na wawili wameandika majina yao kwa kazi hii, tunawajua wote, tumewafundisha kushika kalamu kwa mikono ile ile. Baba zao ni wakulima. Hawana bima wala shamba la pili. Asiye na vidole viwili vya kuume hashiki jembe sawasawa, wala hapandi mpunga kwa wepesi, na jambo hilo hakuna kamati itakayolipa. Tena tunawaza habari ya mti wenyewe. Mninga unaokatwa katika misitu ya wilaya zetu, ule utoao utomvu mwekundu kama damu, hukua polepole kuliko subira ya mtu mmoja, na kuukata kwa halali kwataka kibali na nyundo ya watu wa misitu. Kila tendegu linaloharibika kwa kutetemeka kwa nondo huenda jikoni kuwa kuni. Mama zetu hawatakataa, lakini ni kuni za bei kubwa mno.

Mkutano wa pili umewekwa baada ya mavuno ya mpunga. Sisi twaomba azimio la mwanzo liondolewe katika kitabu cha kamati na mahali pake paandikwe hivi: mota ya nguvu ya farasi mmoja, kitako kimoja kikazwacho kwa mpini, na cha pili fedha ikipatikana, mguu wa milimeta 25, mgongo wa sentimeta 30 na wa sentimeta 15, na hakuna kiegemeo cho chote kitakachochomelewa juu ya kitanda cha kerezo. Atakayepinga na apinge kwa hesabu.

Tumemwachia mwenyekiti mfano wa kiegemeo uliochongwa kwa mti, wa ukubwa wenyewe, pamoja na kipande cha nondo ya milimeta 16 na kipande cha chuma cha milimeta 25, vyote viwili vya urefu mmoja. Viko barazani kwake. Kila mtu aweza kwenda kuvishika na kujaribu kuvipinda kwa goti kabla ya siku ya mkutano.